Vitambaa vya sare vinalingana dukani, vikitoka nje ni rangi mbili tofauti, nifanyeje kabla fundi hajakata?

Mama wa Njoro

Habari za jioni wapendwa, naombeni ushauri wa haraka maana fundi anataka kuanza kukata keshokutwa na mimi roho haijatulia kabisa.

Tuna sendofu ya mdogo wangu hapa Moshi wiki tatu zijazo na mimi ndo nimepewa sare za kina mama, tupo kumi na sita, rangi tuliyokubaliana kwenye kamati ni damu ya mzee. Nikaingia mjini nikapata krepu nzuri nzito inayoanguka vizuri mwilini, ila jora lilikuwa limebaki mita 26 tu na mimi nahitaji 48, kwa hesabu ya mita tatu kila mtu. Nikachukua zote 26. Nikakata kipande kama kiganja nikakitia kwenye pochi nikaanza kuzunguka nacho duka kwa duka, duka la tano nikaona jora linalofanana, nikakiweka kipande changu juu yake, mimi na muuzaji na mama mwingine mteja tukainama wote watatu kuangalia na wote tukasema ni kilekile, yani huoni hata kipande kinaishia wapi. Duka lenyewe liko ndani ndani, dirisha hakuna, juu kuna zile tyubu ndefu nyeupe. Nikakatiwa mita 22 nikarudi nyumbani na amani yangu yote.

Kesho yake saa nne asubuhi nikavitandaza barazani nivipime. Jamani. Kile cha kwanza ni damu ya mzee yenyewe, ile inayoelekea zambarau iliyoiva. Cha pili kimekuwa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea majani. Na sio tofauti ya kutafuta, mwanangu wa darasa la pili kapita na daftari lake akaniuliza mama mbona umenunua rangi mbili. Nikaviingiza ndani nikawasha taa ya sebuleni, vikakaribiana tena. Nikavitoa nje, vikaachana tena.

Nauliza, hii ni kitu gani? Na kwa vile shughuli ni usiku ukumbini, niviache hivyohivyo maana kwenye taa vinalingana, au nirudi dukani nikaombe wanirudishie hela? Kamati bado sijaiambia.

Chalii wa Pasua

Pole sana dada. Mi naona hapo umebadilishiwa mzigo, wamekuonyesha jora moja wakakukatia lingine wakati unahesabu hela. Rudi na risiti mapema kabla hawajakusahau.

Mama wa Njoro

Hapana kaka, nilikatiwa mbele ya macho yangu na mkono wangu ulikuwa juu ya jora muda wote. Sitaki kumsingizia mtu, yule kijana alikuwa muungwana tu.

Fundi Kaloleni

Dada hujaibiwa na macho yako ni mazima. Mimi nashona hapa Arusha mwaka wa 19 huu, cherehani yangu ipo mlangoni tangu siku ya kwanza, wateja wanadhani nimeiweka pale kwa ajili ya hewa au nione wapita njia. Ni kwa ajili ya mwanga. Kuna mwaka umeme ulikuwa unakatika sana nikabaki usiku kumalizia suruali ya suti ya mtu anayesafiri alfajiri, suruali daki bluu, nikatoa uzi kwenye boksi chini ya kandili nikashona zipu na mapindo ya chini yote. Asubuhi mwenye suti anavaa mbele ya mlango, uzi ni mweusi tii kwenye bluu, mstari umezunguka zipu kama umechorwa na peni. Nilimfumulia palepale amesimama na taulo yangu kiunoni, basi likamwacha. Toka siku hiyo sichagui uzi usiku, hata mteja alie.

Sasa cha kufanya. Usiviangalie kimoja kushoto na kingine kulia, hapo jicho linadanganyika. Kata vipande viwili ukubwa wa daftari, vishonee kabisa ukingo kwa ukingo visiachane hata uzi mmoja, halafu tembea navyo. Viangalie barazani kwenye kivuli saa nne saa tano, viangalie juani, viangalie chini ya balbu ya njano kama jirani anayo, na cha muhimu kuliko vyote vipeleke ukumbini usiku taa zikiwa zimewashwa zile zitakazowashwa siku yenyewe. Na ukitoka juani kuingia ndani usiamue haraka, kaa dakika tano macho yazoee.

Ila kabla ya yote hakikisha vyote umevilaza uelekeo mmoja, upindo na upindo. Kuna vitambaa ukivigeuza tu vinabadilika rangi na wala sio rangi iliyobadilika, ni namna vinavyopokea mwanga. Satini uzi wake unaruka nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama, kwahiyo juu unabaki uzi mrefu umelala upande mmoja unang'aa kama nywele zilizochanwa, ukiugeuza robo mzunguko mng'ao unakwenda pengine. Mahameli ndo usiseme, ile manyoya yake ikielekea chini inang'aa na kupauka kidogo, ikielekea juu inakuwa nzito inakolea. Nilishonaga gauni la mahameli ya kijani la mama mmoja, la ubatizo wa mjukuu, kitambaa kilikuwa kimebana nikasema ngoja nigeuze mkono mmoja kichwa chini nipate kuokoa robo mita. Kwenye meza sikuona kitu. Alipolivaa akasimama mlangoni, mkono wa kulia ni kijani na wa kushoto karibu na mweusi, kama vile amekopa mkono wa gauni lingine. Nilinunua kitambaa kipya kwa hela yangu nikarudia. Kwahiyo anza na hilo.

Mama wa Njoro

Asante sana fundi, nimefanya sasa hivi. Nimevizungusha pande zote nne, tofauti ipo palepale, krepu yenyewe haing'ai hata kidogo. Kwahiyo sio uelekeo. Kesho nashonea vipande kama ulivyosema.

Mzee wa Themi

Nimestaafu, nilikuwa kiwanda cha nguo hapa Arusha, idara ya kutia rangi, ngoja nikueleze mama yangu kwa sababu swali lako la kwanza halijajibiwa bado na hili jambo nimelifanyia kazi miaka mingi.

Nguo haitoi rangi, inarudisha tu sehemu ya mwanga unaoiangukia na nyingine inaimeza. Damu ya mzee inameza kijani na bluu nyingi inarudisha wekundu na kidogo cha zambarau. Sasa kama taa yenyewe haikuleta wekundu wa kutosha, nguo itarudisha nini? Haina pa kuutoa. Ndiyo maana rangi ni mapatano ya vitu vitatu, taa na nguo na jicho, ukibadilisha kimoja mapatano yamebadilika.

Jua linaleta kila kitu, kuanzia zambarau kwenye nanomita kama 400 (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hadi wekundu wa 700, bila kuruka mahali. Tyubu za dukani haziko hivyo. Ndani ya kioo kuna unga unaowaka, na tyubu nyingi za kisasa za aina hiyo zinatoa mwanga wake kwa vilele vitatu, kimoja cha bluu, kimoja cha kijani karibu na 545, kimoja cha wekundu karibu na 611, na katikati ya vilele mwanga ni kidogo sana. Jicho likichanganya vile vitatu linaona mweupe tu linaridhika.

Sasa njoo kwenye vitambaa vyako. Damu ya mzee haipikwi kwa njia moja. Kiwanda kimoja kitachukua nyekundu na bluu kidogo, kingine kitachukua nyekundu nyingine kabisa na chungwa na nyeusi, kama wapishi wawili wanaofikia ladha moja ya mchuzi kwa viungo tofauti. Pale kwenye vilele vitatu vya tyubu vitambaa vyako vinarudisha sawasawa, kwahiyo dukani ni ndugu. Jua linapoleta yale mengine yaliyokuwa katikati, kila kimoja kinaonyesha upishi wake na wanaachana. Jambo hili kiwandani tunaliita metamerizimu na lilikuwa linatutesa kweli, hasa mwili wa nguo unapotoka kiwanda kimoja na kola au zipu inatoka kwingine.

Ndiyo maana kuna kabati la taa. Ni boksi limepakwa kijivu ndani ili lisiingize rangi yake, juu kuna taa za aina kadhaa unabadilisha kwa swichi. Ile inayoigiza mchana inaitwa D65, ni Kelvin 6,500. Ile ya maduka inaitwa TL84, karibu 4,000. Ile ya balbu ya waya wa zamani inaitwa A, 2,856. Na ya mwisho ni ya UV, mionzi isiyoonekana kwa macho. Kelvin zikipanda mwanga unaenda kwenye ubluu, zikishuka unaenda kwenye umanjano, watu wengi wanaligeuza hilo. Nguo ikipita taa moja na kufeli nyingine tulikuwa tunairudisha jikoni ipikwe upya, haijalishi mteja anaipenda vipi kwenye ile moja.

Kuhusu kuangalia kwa mchana, vitabu vya wenzetu wa Ulaya vinasema kaa kwenye dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua haliingii upande huo. Huku kwetu msifuate hilo. Arusha na Moshi tupo digrii tatu na kidogo kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Baraza lenye kivuli linaloona anga, kama anavyosema fundi hapo juu, ndilo kabati letu la taa. Ila angalia ukuta wa jirani. Nyumba ya pili ikiwa imepakwa pichi au kijani, ule ukuta unarudisha rangi yake hadi kwenye kitambaa chako. Na ukiwa umevaa khanga nyekundu ivue au simama pembeni.

Dada wa Vitambaa

Mzee wangu shikamoo, umenifundisha. Mimi nauza vitambaa, na naomba niseme kwa upande wa wauzaji maana tunalaumiwa sana. Tyubu tunaweka kwa sababu zinamulika duka zima kwa umeme kidogo, sio kwa kumdanganya mtu. Mteja akiniomba atoke na jora nje namruhusu na mara nyingine nambebea mwenyewe, tatizo wengi wanaona aibu kuomba au wana haraka. Ombeni jamani. Muuzaji anayekukatalia kutoka hatua tatu nje ya mlango wake, mwache na kitambaa chake.

Pia muulizeni namba ya loti, yani fungu la vitambaa vilivyotiwa rangi pamoja, ipo kwenye karatasi ya mwisho wa jora. Kiwanda kilekile, rangi ileile, loti mbili zinaweza kupishana. Na msichukue mita ya juu kabisa ya jora lililokaa mlangoni miezi, mkunjo wa nje unapauka kwa jua, ukilifungua unaona mistari.

Ila mzee wangu nakupinga kidogo, mchana sio hakimu wa kila kitu. Kama nguo haitavaliwa mchana mimi simwambii mteja aikatae kwa sababu ya jua. Hao kina mama watavaa saa moja usiku hadi saa sita. Mimi ningeviacha.

Fundi Kaloleni

Dada yangu hapo sikubaliani. Wanashuka kwenye magari saa kumi na moja, jua bado lipo, wanasimama nje ya ukumbi wote kumi na sita kwenye mstari wanasubiri kuingia wakicheza. Hapo ndo watu wanaangalia sare kuliko saa nyingine yoyote.

Dada wa Vitambaa

Hilo la kuingia nilikuwa sijaliwaza. Sawa.

Picha na Taa

Mi ni mpiga picha, nafanya na taa za kumbi, Arusha na Moshi na huko vijijini. Dada kuna kitu kimoja hakijasemwa na ndo kitakachokuumiza kuliko vyote: flashi.

Mwanga wa flashi ya kamera uko karibu Kelvin 5,500 na unaleta rangi zote karibu kama mchana. Ina maana hata kama ukumbini vitambaa vinalingana kwa macho ya kila aliyekaa pale, mimi nikibonyeza kamera ile sekunde ndogo ya flashi ni kama nimewatoa barazani kwako saa nne asubuhi. Albamu ikija ni rangi mbili. Imenitokea kwenye harusi, wasimamizi wanawake sita, nguo nne za duka moja na mbili za lingine, ukumbini hakuna aliyeona, kwenye picha wale wawili walitoka kama wamealikwa kutoka kamati nyingine. Bibi harusi alinipigia akilia akisema nimeharibu rangi. Nilikaa usiku mbili kwenye kompyuta nachagua gauni moja moja naligeuza rangi kwa mkono, na bado kwenye mikunjo inaonekana.

Sasa kuhusu taa za ukumbi. LED nyeupe ndani yake ni chipu ya bluu imefunikwa unga wa njano, bluu inapita kidogo na njano inajazia, macho yanaona mweupe. Waliotengeneza LED ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014 na ni haki yao, umeme tunaookoa ni mwingi. Lakini LED ya bei rahisi haina wekundu ule wa ndani, ule uliokolea. Kwenye boksi la balbu angalia kipimo kinaandikwa Ra, kinasema taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, balbu ya zamani ya waya iko karibu na 100, nyingi tunazouziwa ziko 70 hadi 80. Na hata ile Ra ni wastani wa rangi 8 hafifuhafifu, nyekundu iliyokolea haimo, ina kipimo chake peke yake kinaitwa R9, kampuni nyingi hata haziandiki. Kwahiyo damu ya mzee ni moja ya rangi zinazoonewa sana na taa hizi, inakufa inakuwa kama kutu.

Halafu DJ anawasha zile za rangi. Chini ya bluu tupu damu ya mzee inakuwa nyeusi kabisa maana hakuna cha kurudisha. Chini ya nyekundu tupu, nguo nyekundu na nguo nyeupe zinakaribia kuwa kitu kimoja. Na zile za zambarau zenye UV zinawasha shati la bwana harusi linakuwa kama taa, kwa sababu viwandani na kwenye sabuni za unga wanaweka dawa inayopokea UV, ile mionzi isiyoonekana, inaitoa kama bluu. Gauni la bibi harusi la rangi ya maziwa halina dawa hiyo, linabaki palepale, na pembeni ya lile shati linaonekana la zamani limefubaa, wakati limetoka dukani wiki hiyohiyo. Kila nikiona hivyo namfuata DJ nambembeleza azime zile mbili za mbele ya meza kuu.

Na sio rangi tu, hata umbile la kitambaa linategemea taa imesimama wapi. Juzi nimepiga lesi nzuri sana ya mama mmoja, imetariziwa kwa kamba nene, maua yameinuka kabisa ukipitisha kidole unahisi. Nikapiga kwanza na flashi ya juu ya kamera, ikatoka bapa kama kitenge kilichochapwa. Nikaishusha taa nikaiweka kushoto kwake usawa wa bega, mwanga ukawa unapita kwa kukwangua juu ya kitambaa, kila ua likapata kivuli chake upande wa kulia, lesi ikainuka. Hatukubadilisha kitu kingine. Krepu yako dada ni hivyohivyo, uzi wake umesokotwa sana ndo maana ina vipunjepunje, taa ya mbele inavifuta, taa ya pembeni inavitoa. Mwambie mpiga picha wako aweke taa pembeni, na mwenye ukumbi asielekeze taa zote juu kwa juu.

Mzee wa Themi

Kijana umesema kweli tupu kuhusu flashi.

Mama wa Njoro, niongeze moja linaloweza kukuokoa. Jicho linakuza tofauti vitu vikiwa jirani na kuisahau vikiachana. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa idara ya rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins pale Paris, akakuta malalamiko kwamba uzi mweusi wa pale hauna nguvu, umefifia. Akaupima uzi, akakuta mzima. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa pembeni yake ndizo zilizoufanya uonekane umefifia. Vitambaa vyako ukivichanganya ovyo kwenye mstari, mmoja huyu mwingine yule, kila mtu ataviona. Ukiwaweka makundi mawili yaliyoachana, jicho halina kumbukumbu kali kiasi hicho ya rangi, na wakiona tofauti wataiona kama mpango.

Chalii wa Pasua

Nafuta kauli yangu ya kubadilishiwa mzigo. Sikujua haya mambo kabisa. Leo nimechukua shati langu la kazini ninalolijua ni jeusi nikatoka nalo nje, ni kijani iliyokolea sana, na nimelivaa miaka miwili.

Mama wa Njoro

Wapendwa narudi na majibu, shikamoo mzee wangu na asanteni wote kwa kweli.

Nilishonea vile vipande, ukingo kwa ukingo. Jana usiku nikaenda ukumbini, walikuwa wanapamba shughuli ya watu wengine, nikamwomba kijana wa taa akanipa dakika kumi. Kwenye taa nyeupe za dari vipande vikawa kitu kimoja, mshono wenyewe nikawa nautafuta kwa kidole. Akawasha za njano za pembeni, kile cha pili kikaanza kuwa chekundu zaidi ya cha kwanza, yani kinyume na barazani. Akawasha bluu, vyote vikawa vyeusi kama mkaa. Halafu nikatoa simu nikapiga na flashi nikiwa palepale chini ya zile taa za dari ambazo kwa macho yangu havina tofauti. Picha ikatoka rangi mbili, mshono katikati umenyooka kama umepigwa rula. Nikamwonyesha yule kijana, akaangalia simu akaangalia vipande mkononi mwangu, akarudia tena, akaniomba apige na ya kwake.

Kwahiyo kuviacha hivyohivyo haiwezekani. Dukani nilienda, yule kijana alinisikiliza vizuri ila kitambaa kikishakatwa hawarudishi na nimemwelewa.

Nikakaa na fundi wangu leo, akanionyesha jambo ambalo mimi na hesabu zangu sikuliona. Mita 26 zinatoa magauni nane zinabaki mbili. Mita 22 zinatoa saba inabaki moja. Jumla ni magauni kumi na tano, lile la kumi na sita lazima lichanganye vitambaa vyote viwili, tungetaka tusitake. Nikakumbuka maneno ya mzee kuhusu makundi. Mashangazi upande wa baba wako nane, na wao wanakaa kulia kwa meza kuu. Mama wakubwa na mama wadogo wako saba, wanakaa kushoto. Basi mashangazi watavaa kile cha kwanza, upande wa mama watavaa cha pili, na wataingia kwa milango miwili kila kundi na wimbo wake. Nimepeleka kwenye kamati na picha za barazani nimewawekea, shangazi mkubwa kapitisha yeye mwenyewe, amesema hata zamani kila upande ulikuja na nguo yake.

Gauni la kumi na sita ni langu. Mwili kitambaa cha mashangazi, mikono na mshipi kitambaa cha upande wa mama.

Fundi Kaloleni

Safi sana. Mwambie fundi wako achore mishale ya chaki upande wa ndani wa kila pande kabla hajakata, yote ielekee juu. Na uzi wa hilo gauni lako asiuchague ndani, atoke nao nje na vitambaa vyote viwili.

Mama wa Njoro

Mishale ameshachora. Kuhusu uzi nimemkuta tayari kasimama barazani kashika vibobini vitatu, anageuza geuza.